Fungate ya Kisiwani kwa Mfuko wa Kadiri

Neno fungate halikuwa na maana ya safari hapo kwanza. Katika Kisambaa na Kizigua, lugha zilizo ndugu wa Kiswahili, mfungate ni saba. Na watu wa pwani waliziita fungate zile siku saba ambazo maharusi walikaa ndani baada ya arusi kwisha, pasipo kazi ya shamba wala ya jiko, huku baba wa bibi arusi akiwapelekea chakula. Hawakupanda chombo wala hawakulipia kitanda. Gharama ilikuwa juu ya wazee, na kazi ya maharusi ilikuwa moja tu, nayo ni kuzoeana.

Siku hizi mambo yamegeuka. Katika miji ya Uganda, kuanzia Kampala hadi Mbale na Mbarara, fungate imekuwa safari, na safari inayotamaniwa kupita nyingine zote ni ile ya kisiwani, penye mchanga mweupe, minazi na maji ya rangi ya samawati. Tamaa hiyo haina ubaya wowote. Wawili waliohangaika miezi mingi kwa kwanjula, kwa mahari, kwa mavazi na kwa kulisha wageni mia tatu wanastahili siku chache za kutosikia majina yao yakiitwa. Ubaya huja pale ambapo siku hizo chache huwaachia deni la mwaka mzima, na ugomvi wa kwanza katika nyumba mpya ukawa ni wa kutafuta nani aliyelitaka deni hilo.

FEDHA ILIYO MKONONI MWA KAMATI

Kila aliyepata kuhudhuria mikutano ya arusi anaijua orodha isomwayo na mwenyekiti: ukumbi, chakula, keki, magari, mapambo, mpiga picha, na mwisho kabisa, katika mstari wa chini, fungate. Ahadi hutolewa kwa makofi. Lakini ahadi si fedha, na wiki ya arusi inapofika, mpishi na mwenye ukumbi hawalipwi makofi. Hapo ndipo mweka hazina huutupia jicho ule mstari wa chini. Fungate hukatwa kwanza kwa sababu haina wa kuidai. Mpishi atapiga kelele, mwenye magari atayazuia magari yake, bali maharusi wataona haya kujidaia wenyewe. Hivyo wengi hujikuta Jumatatu baada ya arusi wakiwa na chumba walichokiagiza ambacho hakijalipiwa; na yule aliyekwisha kuwatangazia rafiki zake safari ya Unguja hukimbilia chama cha kuweka na kukopa au, vibaya zaidi, mkopo wa simu, ambao huanza kudai kabla mchanga haujakauka miguuni.

Dawa yake ni kuitoa fungate katika orodha ya kamati tangu siku ya kwanza. Fedha yake na iwekwe kando na wachumba wenyewe, mwezi kwa mwezi, mahali ambapo mmoja hawezi kuitoa pasipo mwenzake kujua. Ndugu wanaotaka kusaidia waombwe jambo lililo dhahiri: huyu alipe nauli ya boti, yule alipe usiku mmoja wa malazi. Watu wengi hupendezwa na ombi la namna hiyo kuliko kuambiwa watoe wapendavyo, kwa kuwa wanajua zawadi yao imekuwa nini. Tena nyumba changa hupokea seti tano au sita za vikombe vya chai na haina pa kuziweka. Nauli haihitaji kabati.

Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa maana hapo ndipo wawili hao huzungumza habari ya fedha kwa mara ya kwanza pasipo wazee kuwapo. Na uchukuliwe mfano wa karani wa Jinja ambaye rafiki yake alikwenda Unguja akarudi na picha mia mbili. Karani anataka Unguja, siku saba, mwezi wa Desemba. Mchumba wake, mwalimu wa shule ya msingi, anajua kwamba kodi ya nyumba ya miezi mitatu itadaiwa Januari, na kwamba mshahara wa Desemba huliwa mapema, Januari ikawa ndefu kama miezi miwili. Akinyamaza asije akaonekana mkaidi, au kwa kuwa ssenga wake, yaani shangazi amfundaye, amemwonya asianze ndoa kwa kubishana, basi watakwenda wote wawili, na Januari hiyo itakuwa ndani ya sanduku lao. Akisema, upesi itaonekana kwamba safari hiyo inaweza kufanywa baadaye, au kwa siku chache zaidi, au mahali palipo karibu zaidi. Na kila moja katika hayo huokoa fedha kuliko kubana chakula au kutafuta chumba kibovu.

KUNGOJA MAJIRA

Kwenda baadaye ndiyo njia ambayo watu huiona ngumu, nayo ni nyepesi kuliko zote. Arusi za Uganda husongamana Agosti na Desemba, shule zikiwa zimefungwa na jamaa wa mbali wakiwa na nafasi ya kuja. Unguja nayo hujaa wageni wa Ulaya katika Julai na Agosti, na tena kuanzia Krismasi hadi siku za kwanza za Januari. Na katika majira hayo mawili chumba kile kile, chenye kitanda kile kile na feni ile ile, hupanda bei sana. Kwa hiyo anayefunga ndoa katikati ya Desemba na kutaka kuwa ufukoni juma linalofuata hununua kisiwa katika siku zake za ghali kuliko zote, tena akishindana na watu wenye mifuko mizito kuliko wake.

Masika, yaani mvua kubwa ya Machi hadi Mei, huteremsha bei. Hata hivyo, mvua ya pwani ikikaza haina subira, na katika Aprili na Mei baadhi ya hoteli za ufukoni hufunga milango kabisa. Wakristo wasiofunga ndoa katika Kwaresima, wakangoja Pasaka ipite, na waangalie sana kalenda, maana Jumamosi za baada ya Pasaka huangukia katikati ya masika. Wakati ulio mwema kwa mtu wa kadiri ni siku za kwanza za Juni, mvua ikiwa imekwisha, upepo wa kusi umeleta ubaridi, na bei za Julai bado hazijaanza. Au Oktoba na mwanzo wa Novemba, kabla vuli haijakolea. Februari kuna jua zuri, lakini katika mwezi huo hufanyika tamasha la muziki la Sauti za Busara, na nyumba za wageni za Mji Mkongwe hujaa.

Ramadhani nayo ina hesabu yake, kwani hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari, na mwaka 2027 inatazamiwa kuanza katika Februari tena. Watu wa Zanzibar walio wengi sana ni Waislamu. Katika mwezi huo mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni kosa, hata kwa mgeni asiyefunga. Usiku mji huamka na vyakula vyake vya futari ni vitamu mno. Ama maharusi Waislamu, wao hawahitaji gazeti kuwaeleza kwa nini mwezi wenye kufunga mchana kutwa si mwezi wa fungate.

Hapana aibu basi kufunga ndoa Desemba na kwenda kisiwani Juni. Zile siku saba za kwanza zaweza kukaliwa nyumbani kwa desturi ya zamani, mlango umefungwa, simu zimezimwa, na chakula kikiletwa na mama mkubwa au jirani mwenye moyo. Baadhi ya wazee watafurahi kuombwa hivyo, kuliko walivyofurahi kuombwa mchango wa ukumbi. Na miezi sita iliyobaki ni miezi sita ya kuweka akiba kwa mishahara miwili badala ya mmoja.

SAFARI YA UNGUJA

Atakayekata shauri la kwenda Unguja kutoka Uganda ajue kwanza habari ya karatasi. Kitambulisho cha taifa, ambacho tangu 2014 huwavusha raia wa Uganda kwenda Kenya na Rwanda, hakitoshi kuingilia Tanzania. Yatakiwa pasipoti au hati nyingine ya kusafiria, ingawa viza hailipiwi. Bibi arusi asiharakishe kubadili jina: jina lililo katika tikiti sharti liwe lile lile lililo katika pasipoti, na pasipoti ya jina la baba haiharibu ndoa. Nakala ya cheti cha ndoa na ichukuliwe, kwani wapo wenye nyumba za wageni watakaoiulizia. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano chatakiwa kwa anayetoka Uganda. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote, kwa hiyo aliyechomwa zamani hana haja ya kulipa tena.

Kuna na gharama ambayo aliyesafiri zamani hakuijua. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 serikali ya Zanzibar iliwataka wageni watokao nje ya Tanzania wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, nayo ilitangazwa kwa bei ya dola 44 kwa mtu mzima. Kwa watu wawili hizo ni dola 88, ambazo katika nyumba ya wageni ya kawaida ni malazi ya siku kadhaa. Masharti yanayowahusu raia wa Afrika Mashariki na yaulizwe kwa shirika hilo lenyewe kabla ya kuondoka, si kwa kijana yeyote ajitoleaye kusaidia penye geti la bandari.

Mabasi ya kutoka Kampala hadi Dar es Salaam hupita ama Mutukula na ukanda wa ziwa, ama Nairobi na Namanga. Kwa njia yoyote ile, ni safari ya kupita usiku barabarani, na mara nyingi ya zaidi ya saa ishirini na nne. Kosa la kawaida ni kuunganisha basi na boti siku hiyo hiyo ili kuokoa fedha ya kulala. Maharusi waliokesha kwenye basi, miguu imevimba, kisha wakavuka bahari katika upepo wa kusi, hufika Unguja wakiwa hawasemezani. Usiku mmoja katika nyumba ya wageni safi ya Dar es Salaam ni fedha iliyotumika vema. Wanaoweza kununua tikiti ya ndege ya kutoka Entebbe miezi kadhaa mapema wafanye hesabu ya haki, wakijumlisha kwa upande wa basi chakula cha njiani, malazi, na siku za likizo zinazopotea kwenda na kurudi. Pengine tofauti itaonekana ndogo kuliko walivyodhani.

Boti ziendazo kasi huvuka kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi. Tikiti na inunuliwe ndani ya ofisi ya kampuni, pasipoti mkononi. Mwenye tumbo jepesi akae nyuma na chini, chombo kinapoyumba kidogo, na atafune tangawizi. Nguo zisifungwe katika buveera, kwani mifuko ya plastiki imekatazwa Zanzibar, na Tanzania bara pia tangu tarehe 1 Juni 2019.

Ama kugawa fedha, kipimo kimoja kimewafaa wengi: fedha yote ifanywe mafungu kumi, na manne au matano yawe nauli ya kwenda na kurudi, matatu yawe malazi, moja na nusu au mawili yawe chakula na matembezi, na kilichobaki kisiguswe hadi watakapokuwa wamerudi mlangoni kwao. Nauli ya kurudi na ilipwe kabla ya kuondoka. Ikiwa kwa hesabu hiyo malazi yanatosha siku nne, basi fungate ni ya siku nne. Siku nne ambazo mtu hahesabu sarafu kila jioni ni ndefu kuliko saba za kunong'onezana juu ya bei ya soda.

Usiku mmoja au miwili ya kwanza yafaa kulala Mji Mkongwe, ambako nyumba ndogo za wageni ni nyingi na bei zake ni nafuu kuliko za ufukoni. Mji huo, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, hautaki tikiti: vichochoro vyake, milango yake ya nakshi, na soko la Darajani hutazamwa bure. Jioni watu hukusanyika Forodhani, penye mishikaki, pweza, urojo na maji ya miwa. Bei na iulizwe kabla chakula hakijatiwa sahanini. Anayetaka kula urojo kwa bei ya wenyeji na atoke Forodhani, akautafute katika mitaa ya ndani kwa akina mama wanaouuza vibarazani.

Kisha huenda ufukoni, na hapa yafaa kusimama kidogo, kwa kuwa watu wa bara wengi huchagua ufuko kwa picha na picha haionyeshi maji kupwa. Upande wa mashariki, katika Paje, Bwejuu na Jambiani, bahari inapokupwa hujivuta mbali sana kuelekea mwamba wa matumbawe, na wakati wa bamvua hujivuta mbali zaidi. Aliyekuja kuogelea atajikuta anatembea juu ya mchanga na vidimbwi saa nyingi za mchana, kati ya mashamba ya mwani yanayolimwa na wanawake wa vijiji hivyo. Nungwi na Kendwa, kaskazini, huogelewa maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, na ndiyo sababu mojawapo ya bei zake kuwa juu. Basi asiyejua kuogelea, naye si haba miongoni mwa watu wa bara, asilipie Nungwi: Jambiani itamfaa, na yale maji yaliyokupwa yatampa mahali pa kutembea na mkewe asubuhi nzima, maadamu amevaa viatu, kwani majini mna viumbe vyenye miiba. Mwenye nyumba ya wageni atawaambia saa za kujaa na kupwa, ambazo husogea mbele karibu saa moja kila siku.

Magari ya abiria, ambayo Uganda huitwa takisi na huko huitwa daladala, hufika vijiji hivyo vyote kwa nauli ndogo, ila hujaa na husimama kila penye mtu. Gari la kukodi lafaa kwa siku ya mizigo tu. Matembezi mawili yatosha. Msitu wa Jozani una kima punju, ambao hawapatikani porini popote duniani isipokuwa katika visiwa vya Zanzibar, na daladala za kusini hupita mlangoni pake. Kisiwa cha Changuu kina kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, na jengo la gereza la mwishoni mwa karne ya 19 ambalo halikupata kuwa gereza hasa bali likawa mahali pa kutengea wenye maradhi. Mashua ya kwenda huko hulipiwa kwa chombo kizima, kwa hiyo wawili wakiungana na wengine wanne nauli hupungua sana. Na vijijini kote, nguo ya kuogelea hubaki ufukoni. Anayepita njiani hujifunga kanga au kikoi.

ZIWA LILILO KARIBU

Yote hayo ni mazuri, lakini yule karani wa Jinja na mwalimu wake wanaweza wakapiga hesabu na kukuta kwamba karibu nusu ya fedha yao itaishia mabasini. Wao wanacho kisiwa kilicho karibu zaidi, nacho ni cha nchi yao wenyewe. Ajabu ni kwamba Mzungu huvuka bahari mbili akaja kulala Ssese, na mtu wa Kampala hujiona amekosa akienda huko.

Visiwa vya Ssese ni 84, vyote katika wilaya ya Kalangala ndani ya Ziwa Viktoria, na kilicho kikubwa ni Bugala. Ni nchi ya kale: Bubembe ndiyo makao ya Mukasa, mungu wa ziwa katika imani ya zamani ya Buganda; na mwanzoni mwa karne ya 20 wakazi wa visiwa hivyo walihamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa malale, misitu ikasitawi. Sehemu ya misitu ya Bugala imekwisha kugeuzwa mashamba ya michikichi tangu miaka ya 2000, jambo ambalo mgeni ataliona kwa macho yake na pengine halitampendeza. Hata hivyo katika ghuba ya Lutoboka miti bado hushuka karibu na mchanga, na tumbili hushuka nayo.

Meli ya MV Kalangala hung'oa nanga alasiri katika gati la Nakiwogo, Entebbe, ikafika Lutoboka baada ya saa tatu na nusu hivi, karibu na machweo, na hurudi asubuhi ya siku ya pili yake. Mara kwa mara hupelekwa matengenezoni, kwa hiyo yafaa kuuliza kabla ya kufunga safari. Njia ya pili ni ya Masaka: gari hadi Bukakata, kisha kivuko hadi Luku, ambacho abiria hakilipii, halafu gari la kuvuka kisiwa. Mitumbwi ya mashine na boti ndogo zipo pia, nazo zina haraka zake. Mwezi wa Novemba 2018 boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama karibu na mwambao wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi wala haikuwa na leseni. Fedha ya kubana haipaswi kubanwa hapo. Chombo kisichompa kila abiria jaketi la kuokolea kisipandwe, hata ikiwa jua linakuchwa na mwenye chombo anaita kwa upole.

Nyumba nyingi za wageni za Lutoboka ziko ufukoni, hatua chache kutoka gatini, wala haihitajiki gari. Kwa kuwa nauli imekuwa fungu moja badala ya manne, mafungu matatu yaliyobaki yanaweza kununua chumba bora kuliko kile ambacho wangekipata Unguja, chenye kibaraza cha kutazama maji, na chakula cha ngege au sangara aliyevuliwa usiku ule. Wajaribu kwenda siku za kati ya juma. Mwisho wa juma, hasa wenye sikukuu, vijana wa Kampala huja na spika zao, na utulivu uliolipiwa huwa hauko tena.

Ziwa lina adabu zake. Maji yake yana kichocho, hasa penye nyasi na maji yaliyotulia ambapo konokono hukaa, na hakuna mchanga mweupe unaoyaondolea hatari hiyo. Watakaoogelea waepuke penye majani, na waliooga wapimwe hospitalini miezi michache baadaye. Dawa yake ipo na ni ya kumeza. Malaria ni nyingi visiwani, basi chandarua kikaguliwe kabla chumba hakijalipiwa, kikiwa na tundu kibadilishwe. Mvua hunyesha sana Machi hadi Mei na tena kuanzia Oktoba, lakini bei za Ssese hazichezi na majira kama za Unguja, kwa hiyo hata maharusi wa Desemba hawaadhibiwi.

Kwa wote wawili, wa bahari na wa ziwa, iko siku moja inayosahauliwa katika kila hesabu, nayo ni siku ya kurudi. Likizo na ipangwe ili wafike nyumbani mchana mmoja kabla ya kazi kuanza, si usiku wa kuamkia Jumatatu. Ufunguo waachiwe shangazi au jirani mwaminifu, pamoja na fedha kidogo, ili watakaporejea wakute maji mtungini, gunia la mkaa, unga, mchele na sukari. Orodha ya vitu hivyo iandikwe kabla ya arusi, katika daftari lile lile la nauli, kwa mkono wa yule kati yao mwenye hati inayosomeka.